Namna ya Kuandaa Utafiti wa Sera Kuhusu Wakimbizi: Mafunzo kutoka Kigoma na Kagera

Mtafiti anayefika Kasulu au Kibondo kwa mara ya kwanza, akiwa na dodoso la kurasa ishirini mkononi, huwa na bidii isiyotiliwa shaka, lakini mara nyingi hana jibu la swali moja ambalo alipaswa kulijibu kabla ya kupanda basi: ni nani mwenye mamlaka ya kubadilisha jambo hili analokwenda kulichunguza? Asipolijua hilo, atarudi na maelezo mengi ya kweli kuhusu maisha ya kambini, ataandika ripoti nene, na ripoti hiyo haitamfikia mtu yeyote anayeweza kuitumia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya uzamili, maofisa wa halmashauri, wanahabari na watumishi wa asasi za kiraia wanaotaka kufanya utafiti mdogo lakini wa maana kuhusu wakimbizi, waomba hifadhi na watu waliolazimika kuyahama makazi yao. Mifano mingi inatoka magharibi mwa Tanzania, kwa sababu huko kuna historia ya zaidi ya nusu karne ambayo mtafiti makini anaweza kujifunza kwayo karibu kila kosa na karibu kila mbinu njema.

Anza na uamuzi, si na mada

“Wakimbizi na mazingira” ni mada. “Wakimbizi na uchumi wa wenyeji” nayo ni mada. Mada haiulizi kitu, na kwa hiyo haiwezi kujibiwa. Utafiti wa sera huanza pale unapoweza kutaja uamuzi mmoja ambao umefanywa, unafanywa au unatarajiwa kufanywa, ukataja ofisi inayoufanya, na ukataja watu ambao maisha yao yanabadilika kutokana na uamuzi huo.

Tuchukue mfano wa masoko ya pamoja. Kwa miaka kadhaa wakimbizi wa kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli walikuwa wakikutana na wanavijiji katika masoko yaliyokuwa kambini au kandokando yake. Mkimbizi aliuza sehemu ya mgao wake wa unga au mafuta ili apate mboga, dagaa au sabuni, na mwanavijiji aliuza mazao yake kwa wateja ambao asingewapata kijijini kwake. Katika miaka ya 2018 na 2019 masoko hayo yalibanwa na kufungwa. Kabla ya hapo, mwaka 2017, mpango wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Hapa sasa kuna maamuzi yenye tarehe na yenye mwenyewe, na swali linaweza kuulizwa kwa usahihi: kufungwa kwa masoko kulibadilisha vipi kipato cha kaya za wakulima wa vijiji vinavyopakana na kambi, na kulibadilisha vipi mlo wa kaya za wakimbizi?

Hata swali hilo bado lina wenye nalo tofauti, na ni vyema uwatenganishe tangu mwanzo. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, hutazama zaidi usalama na utekelezaji wa sheria. Halmashauri ya wilaya hutazama ushuru wa soko na huduma za vijiji vyake. Shirika linalogawa chakula hutazama lishe na bajeti. Mfadhili aliye Brussels au Washington hutazama kama fedha yake imetumika kwa jambo lililokusudiwa. Utafiti mmoja hauwezi kuwahudumia wote kwa kiwango kilekile, na mimi huwashauri wanaoanza wachague ofisi moja na kuiandikia hiyo. Mara nyingi ofisi ya kuchagua ni halmashauri, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na matatizo, ndiyo yenye kumbukumbu ambazo hazijawahi kusomwa na mtafiti, na ndiyo inayosahaulika katika ripoti zinazoandikwa kwa ajili ya miji mikuu.

Isome sheria kabla ya kuzisoma takwimu

Wengi huipita hatua hii haraka wakidhani kwamba sheria ni kazi ya wanasheria. Hilo ni kosa, kwa kuwa sheria ndiyo inayoamua nani anahesabiwa, nani anahudumiwa na nani anafukuzwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi ya kuteswa kutokana na rangi, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii au maoni ya kisiasa. Itifaki ya mwaka 1967 iliondoa mipaka ya wakati na ya kijiografia iliyokuwa katika mkataba huo. Lakini Afrika iliona mapema kwamba maana hiyo haikutosha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969 uliongeza watu wanaokimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa na dola nyingine, kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma katika nchi yote au sehemu yake. Mama aliyevuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kwa sababu kijiji chake cha Kivu, mashariki mwa Kongo, kimechomwa moto hana haja ya kuthibitisha kwamba waliokichoma walikuwa wakimtafuta yeye binafsi. Kwa mkataba wa 1969, anayo haki ya kuitwa mkimbizi. Mtafiti asiyeijua tofauti hii atauliza maswali yasiyofaa, na atayasoma vibaya majibu atakayopewa.

Kwa Tanzania, soma Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 pamoja na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya mwaka 2003, na uzisome ukikumbuka kwamba zilitokea baada ya ujio mkubwa wa wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994. Sheria hiyo humtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali. Zingatia vilevile kwamba utaratibu hubadilika bila sheria kubadilika. Warundi waliokimbia tangu machafuko ya Aprili 2015 walipokelewa kwanza kwa kutambuliwa kama kundi zima, bila kuhojiwa mmoja mmoja. Mnamo Januari 2017 utaratibu huo ulikoma, na kuanzia hapo kila mwombaji alitakiwa kueleza kisa chake mwenyewe. Kwa hiyo ndugu wawili waliotoka kijiji kimoja, mmoja akivuka Desemba na mwingine Februari, wanaweza kuwa na hadhi mbili tofauti kisheria. Ukiwaweka katika sampuli moja bila kuuliza tarehe ya kuvuka mpaka, utakuwa umechanganya mambo mawili yasiyochanganyika.

Hukumu za mahakama nazo ni sehemu ya sera. Serikali ya Kenya ilipotangaza mwaka 2016 kwamba ingeifunga kambi ya Dadaab, suala hilo lilipelekwa Mahakama Kuu, ambayo mwezi Februari 2017 iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Mtafiti aliyekuwa akiandika wakati huo kuhusu “athari za kufungwa kwa Dadaab” bila kuifuatilia kesi hiyo alikuwa akichunguza tukio ambalo sheria ilikuwa imelizuia.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni majina. Mkimbizi, mwomba hifadhi, mhamiaji, mtu aliyehama makazi ndani ya nchi yake, asiye na utaifa: haya si maneno ya kubadilishana ili sentensi zipendeze. Mkongo aliyekimbia vita katika vijiji vya Ituri akaishia mjini Bunia bado yumo ndani ya nchi yake, na unaomhusu ni Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, unaowalinda waliohama makazi ndani ya nchi zao, si ule wa 1951. Huko Kigoma utalikuta pia neno “walowezi”, ambalo maofisa na wananchi hulitumia kwa watu waliohamia miaka mingi iliyopita, wengine wakiwa na wajukuu waliozaliwa Tanzania, lakini wasio na hati za uraia wala za ukimbizi. Watu hawa hukosekana katika takwimu za kambi na mara nyingi hukosekana katika tafiti pia, ingawa wanaishi mita chache kutoka kwa wale tunaowahoji. Uamue mapema kama unawahusisha, na uuandike uamuzi huo.

Ijue kila namba imewahesabu akina nani

Kila takwimu ya wakimbizi ilitengenezwa na mtu kwa kusudi fulani. Kabla hujainakili, uliza mambo manne: nani alihesabu, alihesabu lini, alimhesabu nani, na ni nini kinachotokea mtu anapoondoka au kufariki.

Uganda inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 2018 Serikali ya nchi hiyo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi waliwahakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole, baada ya kuibuka tuhuma kwamba idadi ilikuwa imekuzwa. Kabla ya uhakiki, rejesta zilionyesha zaidi ya watu milioni 1.4, uhakiki ulipokamilika, waliothibitishwa walikuwa takribani milioni 1.1. Si sahihi kudhani kwamba wote waliopungua walikuwa wa kubuni, kwani miongoni mwao walikuwapo waliorudi kwao, waliohamia mjini, na waliosajiliwa mara mbili. Lakini utafiti wowote uliochukua sampuli kutoka rejesta ya zamani ulikuwa umewapa uzito watu ambao hawakuwapo. Ukikutana na takwimu ya Uganda ya mwaka 2017, itumie huku ukilijua hilo, na mweleze msomaji wako.

Tanzania ina mfano wa aina nyingine. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi ya kilimo huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wakaishi huko kwa zaidi ya miaka thelathini wakilima, wakilipa kodi na kulea watoto. Kupitia mchakato ulioanza mwaka 2007, takribani watu 162,000 kati yao walipewa uraia, ingawa wengi walisubiri vyeti vyao hadi mwaka 2014. Ukiuchora mstari wa idadi ya wakimbizi nchini bila kuijua habari hii, utauona umeshuka ghafla na utaandika kwamba watu wamerudi Burundi. Hawakurudi popote, walibadilika kutoka wakimbizi kuwa raia wakiwa katika mashamba yaleyale. Kwa mtu anayechunguza sera hili ni jambo kubwa, kwa sababu ni mojawapo ya matukio makubwa ya utoaji uraia kwa wakimbizi duniani, nalo limefichwa ndani ya mstari unaoshuka.

Takwimu za dunia zitumie kwa kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu milioni 123.2 walikuwa wamelazimika kuyahama makazi yao duniani, na milioni 73.5 kati yao walikuwa ndani ya nchi zao wenyewe. Tofauti hiyo inatosha kumwonyesha msomaji kwamba walio wengi hawavuki mpaka wowote. Zaidi ya hapo, aya ya kwanza ya ripoti kuhusu Kibondo haina haja ya kuanza na dunia nzima.

Itafute hali ya kabla

Ugumu mkubwa wa utafiti huu ni kwamba wakimbizi hufika bila taarifa, na mtafiti hufika baada yao. Ukienda kijijini leo ukauliza kama bei zilipanda wakimbizi walipokuja, kila mtu atajibu kwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu huchanganyika na malalamiko ya sasa. Unahitaji kipimo kilichochukuliwa kabla ya tukio.

Kagera ilikuwa nacho kipimo hicho, na kisa chake kinafaa kujulikana na kila anayefanya kazi hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Muhimbili na Benki ya Dunia walifuatilia zaidi ya kaya 900 mkoani humo, wakitembelea kaya moja mara kadhaa, ili kuelewa familia zinapata hasara gani mtu mzima anapofariki, hasa kwa UKIMWI. Hakuna aliyekuwa akifikiria wakimbizi. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa ishirini na nne hivi na kuingia Ngara. Kaya zilezile zilitafutwa tena mwaka 2004, na tena mwaka 2010, na ghafla wachumi wakawa na kitu adimu: hali ya kaya kabla ya wakimbizi na hali yake miaka kumi baadaye, kwa vijiji vilivyokuwa karibu na kambi na vilivyokuwa mbali.

Walichokiona kilikanusha madai ya pande zote mbili. Wakulima waliokuwa na mashamba yao walinufaika, kwa sababu walipata vibarua kwa ujira mdogo na soko kubwa la mazao. Wenyeji waliokuwa wakiishi kwa vibarua waliumia, kwa sababu walishindana na wakimbizi kwa kazi zilezile huku bei za bidhaa kadhaa zikipanda. Bei za vyakula ambavyo havikuwamo katika mgao zilipanda kuliko za vile vilivyogawiwa. Na uchunguzi wa baadaye zaidi uliihusisha faida iliyodumu katika eneo hilo na barabara zilizojengwa kipindi kile, ambazo zilibaki baada ya kambi kuondoka na kupunguza gharama za usafiri. Kwa hiyo anayesema “wakimbizi walituharibia” na anayesema “wakimbizi walituletea maendeleo” wanaweza wote kuwa wakazi wa kijiji kimoja na wote wakawa wanasema kweli, mmoja akiwa kibarua na mwingine mwenye shamba. Swali la wastani, yaani kama kijiji “kwa ujumla” kilinufaika, ndilo swali baya kuliko yote, kwa maana linamfuta yule aliyeumia.

Wewe huna kaya 900 wala miaka kumi, lakini unaweza kuitafuta hali ya kabla kwa njia za kawaida. Uliza halmashauri daftari la ushuru wa soko mwezi kwa mwezi. Uliza zahanati ya kijiji rejesta ya wagonjwa wa nje. Kipindupindu kilipozuka mwezi Mei 2015 katika kijiji cha Kagunga, ambako maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama ufukweni wakisubiri kuvushwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma, kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizokuwa na thamani. Uliza shule ya msingi idadi ya wanafunzi kwa kila mwaka. Kisha tafuta kijiji cha kulinganisha: chenye udongo, barabara na mazao yanayofanana, lakini kilicho mbali na kambi. Usichague kijiji cha mbali kwa sababu tu ni rahisi kufikika, kwani kufikika kwenyewe ndiyo tofauti unayotaka kuiondoa.

Kulinganisha nchi na nchi kunahitaji uangalifu uleule. Uganda husifiwa kwa sheria yake ya mwaka 2006 inayomruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na kwa utaratibu wa kumpa kipande cha ardhi, na kila semina husikika mtu akishauri Tanzania ifanye hivyo. Lakini makazi ya Nakivale, kusini-magharibi, yako katika ardhi iliyotengwa na serikali, ilhali yale ya West Nile, kaskazini-magharibi, kama Bidi Bidi, yako katika ardhi ya kimila iliyotolewa na koo za wenyeji. Hata ndani ya nchi moja, neno “kipande cha ardhi” lina historia mbili. Anayependekeza sera ihamishwe kutoka nchi moja kwenda nyingine aeleze kwanza ardhi ni ya nani.

Kupima hiari

Sasa nifike kwenye swali gumu kuliko yote, ambalo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Sera ya wakimbizi ina njia tatu za kudumu: kurejea nyumbani kwa hiari, kuishi na kuchanganyika na wenyeji, na kuhamishiwa nchi ya tatu. Ya kwanza ndiyo inayopendwa na serikali nyingi, na uhalali wake wote unategemea neno moja, “hiari”. Mkataba wa mwaka 1969, katika kifungu chake cha tano, unasema kwamba hiari hiyo lazima iheshimiwe katika hali zote, na kwamba hakuna mkimbizi atakayerudishwa kinyume cha matakwa yake. Tangu Septemba 2017 Warundi walio Tanzania wamekuwa wakisaidiwa kurejea kwa utaratibu unaoitwa wa hiari. Je, mtafiti anajuaje kama kweli ni hiari?

Hatajua kwa kuuliza “Je, unarudi kwa hiari yako?” Mtu aliyekwisha kujiandikisha, ambaye jina lake limo katika orodha ya msafara wa wiki ijayo, hana sababu ya kumwambia mgeni mwenye kalamu kwamba amelazimishwa. Historia nayo inatuonya tusiamini tamko peke yake. Tarehe 5 Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitoa tamko la pamoja kwamba wakimbizi wa Rwanda wanatarajiwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo, na ndani ya wiki chache karibu wote walikuwa wamevuka kurudi, wengi wao wakielekezwa njia na askari. Nyaraka za wakati huo zina neno hiari. Miguu ya watu ilikuwa na habari nyingine.

Njia inayofaa ni kupima mfuatano wa mambo badala ya kuuliza nia. Chora kalenda ya kambi: mgao ulipungua lini na kwa kiasi gani, kwani uliwahi kushuka hadi nusu mwaka 2023, soko lilifungwa lini, baiskeli na biashara ndogo zilizuiwa lini, kambi iliunganishwa na nyingine lini, kama Mtendeli ilivyofungwa mwaka 2021 na wakazi wake kupelekwa Nduta. Kisha weka juu ya kalenda hiyo idadi ya watu waliojiandikisha kurejea, wiki kwa wiki. Kama uandikishaji unapanda baada ya habari njema kutoka Burundi, hilo ni jambo moja. Kama unapanda kila baada ya kubanwa kwa maisha ya kambini, huku hakuna lililobadilika upande wa pili wa mpaka, hilo ni jambo jingine, na kalenda itakuwa imelisema bila wewe kumtia mtu yeyote hatarini. Ongeza swali jingine: ni wangapi waliorejea kisha wakavuka tena kuja Tanzania? Idadi hii ni ngumu kuipata, maana anayerudi mara ya pili ana kila sababu ya kujificha, lakini hata mahojiano machache yaliyofanywa kwa uangalifu yanaeleza mengi.

Usikimbilie hitimisho pia. Wapo wanaorudi kwa sababu mzee amefariki na shamba linagombaniwa, au kwa sababu mtoto amefika umri wa sekondari na mama anataka asome mfumo wa kwao. Mkimbizi ni mtu anayepanga maisha yake, na utafiti unaomwona kila mara kama anayesukumwa unamnyima heshima ileile unaodai kumtetea.

Vibali, lugha, na usalama wa anayekuamini

Kwa Tanzania unahitaji kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), barua za kupita ofisi ya mkoa na ya wilaya, na kibali maalumu cha wizara cha kuingia kambini. Kenya utapita NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na idara inayohusika na wakimbizi. Anza miezi mingi kabla. Soma pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022.

Vibali hivyo, hata hivyo, haviwezi kumlinda mtu unayemhoji. Hilo ni jukumu lako. Fikiria swali linaloonekana halina madhara: “Mara ya mwisho ulipotoka nje ya kambi ulikwenda wapi?” Kwa kuwa kutoka bila kibali ni kosa kisheria, umemwomba mtu akiri kosa mbele ya karatasi yenye namba ya kaya yake. Kama unahitaji kujua kiasi cha kazi za vibarua vijijini, waulize wenye mashamba wameajiri vibarua wangapi msimu huu, bila kuuliza majina wala asili zao. Usichukue alama za mahali (GPS) kwa simu katika kaya za wakimbizi au za walowezi. Usipige picha ya sura. Ufunguo unaounganisha majina na namba uuweke mbali na madodoso, na kama huuhitaji, usiutengeneze.

Usaili wako utafananishwa na usaili wa kuhamishiwa Marekani au Kanada. Sema mapema, na urudie mwishoni, kwamba huna uwezo wa kumsaidia mtu kupata safari, mgao wala hadhi, na kwamba kukataa kuzungumza hakutamletea hasara yoyote. Watu wengi hawatakuamini mara moja. Rudi siku ya pili bila dodoso.

Nyarugusu ina Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na mtafiti kutoka Dar es Salaam hudhani kwa hiyo hahitaji mkalimani. Kiswahili cha Kivu kina maneno, viambishi na adabu zake, na msemaji mwenye adabu atajibu “ndiyo” kwa swali ambalo hakulielewa ili asikuaibishe. Waombe wasaidizi kutoka jamii hiyo wasome dodoso kwa sauti na wakueleze wamesikia nini, kabla hujaanza kazi. Kwa Warundi, tumia Kirundi. Na chunguza mkalimani ni nani machoni pa anayehojiwa, kwani katika jamii iliyokimbia machafuko ya kisiasa, mkalimani asiyefaa hunyamazisha mahojiano kabla ya swali la kwanza.

Kuandika

Muhtasari wa sera usizidi kurasa nne. Ukurasa wa kwanza uwe na uamuzi unaohusika, jibu ulilolipata, na pendekezo lenye jina la ofisi, gharama ya kukadiriwa na kifungu cha sheria kinachoiruhusu ofisi hiyo kulitekeleza. Pendekezo lisilo na kifungu hurudishwa na mwanasheria wa wizara, na linastahili kurudishwa. Ukipendekeza soko la pamoja lifunguliwe siku mbili kwa wiki, eleza ushuru utakusanywa na nani, ulinzi utalipwa na nani, na kitatokea nini mkimbizi akikutwa sokoni siku ya tatu.

Yaondoe maneno “wimbi”, “mafuriko” na “mzigo”. Si kwa sababu ya upole tu, bali kwa sababu hayapimi kitu: familia 40 kwa siku ni familia 40 kwa siku, na ofisa anaweza kupanga vyoo na madawati kwa namba hiyo.

Eleza pia udhaifu wa kazi yako mahali ambapo msomaji atauona, karibu na matokeo yenyewe. Kama ulihoji wanaume wengi kuliko wanawake kwa sababu wanawake walikuwa wamekwenda kutafuta kuni, liandike hilo, kwani kwenyewe ni matokeo.

Kazi ikikamilika, tenga siku tatu katika bajeti yako kwa ajili ya kurudi. Nakala moja ikabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji, nyingine kwa mkuu wa kambi. Matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji na kwa Kirundi mbele ya viongozi wa wakimbizi, kabla hayajatumwa Dodoma au Geneva, na watu wapewe nafasi ya kusema ni wapi umekosea. Nenda na kalamu, kwa sababu kurasa utakazozirekebisha jioni hiyo, ukiwa bado Kasulu, ndizo zitakazosomwa wizarani.